Kukauka, Kuganda na Kukomaa: Istilahi za Resini za Poliimidi Zistahimilizo Joto

1. Utangulizi

Nilipokuwa masomoni ng'ambo nilikaa nyumba moja na mwanafunzi wa uhandisi aliyekuwa akichunguza resini zitumiwazo katika injini za ndege. Jioni moja alinieleza kwa urefu jinsi resini hizo zinavyopashwa moto hadi zikawa ngumu, nami nikamfuata bila taabu. Alipomaliza aliniomba nimrudilie maelezo yale yale kwa lugha yangu, apate kusikia yanavyosikika. Nilianza kwa ujasiri, lakini sentensi ya tatu ilinishinda. Nilikuwa nimesema kwamba resini "inakauka", kisha nikatambua kwamba haikauki. Nikasema "inaganda", nikatambua kwamba haigandi. Nikamalizia kwa Kiingereza. Mwenzangu hakuona ajabu yoyote. Aibu ilikuwa yangu.

Kisa hiki nakitaja kwa sababu kinagusa mjadala tuujuao sote. Wako wasemao kwamba Kiswahili hakina maneno ya sayansi, na kwa hiyo tuiache sayansi katika Kiingereza. Wako pia wasemao kwamba kila neno la kigeni litafutiwe neno moja la Kiswahili, na kazi itakuwa imekwisha. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba pande zote mbili zinaanza mahali pasipofaa. Jioni ile sikushindwa kwa sababu ya uchache wa maneno, kwani nilikuwa nayo mengi. Nilishindwa kwa sababu sikuwa nimeielewa vizuri tofauti iliyomo katika jambo lenyewe, na bila tofauti hiyo sikuweza kuchagua neno.

Kwa hiyo tutaanza na jambo, kisha tutarudi kwenye maneno. Tutaeleza poliimidi ni nini, na resini yake moja mashuhuri, PMR-15, inapitia hatua gani hadi iwe ngumu. Baadaye tutapima istilahi kwa kipimo cha maelezo hayo.

2. Poliimidi ni nini

Polima ni molekuli ndefu iliyojengwa kwa kuunga molekuli ndogo nyingi, ziitwazo monoma, kama shanga zinavyotungwa katika uzi mmoja. Plastiki, mpira, pamba na utomvu wa miti vyote vina polima ndani yake, au huweza kuzifanya. Tofauti kati ya polima na polima inatokana na monoma zilizotumika, na jinsi minyororo yake inavyokaa moja kando ya nyingine.

Katika poliimidi, shanga zinaungwa kwa kiungo kiitwacho imidi. Imidi za aina tunayoizungumzia hapa ni pete ya atomu tano: atomu moja ya naitrojeni na nne za kaboni, na kaboni mbili kati ya hizo zimeshika oksijeni. Kandokando ya pete hizi mara nyingi huwapo pete nyingine za atomu sita za kaboni, zile ambazo wanakemia huziita pete za benzini. Mnyororo uliojaa pete namna hii ni mgumu kukunjika, na viungo vyake vina nguvu nyingi, hata moto mkali hauvivunji upesi. Tena minyororo jirani huvutana. Mvutano huo ndio unaozipa poliimidi nyingi rangi yake ya manjano inayoelekea kahawia, kama rangi ya asali.

Iliyo mashuhuri kuliko zote ni Kapton, ambayo kampuni ya DuPont ya Marekani iliitengeneza katika miaka ya 1960. Utando wake mwembamba hustahimili baridi ya digrii 269 chini ya sifuri za Selsiasi na joto la digrii 400. Chombo kilichotua mwezini mwaka 1969 kilivikwa, katika baadhi ya sehemu zake, tando za aina hii zilizopakwa alumini. Lakini si lazima tuende mwezini ili tuione. Mafundi wa simu wa Nairobi na Mombasa wanaijua, hata kama hawalijui jina lake: zile kanda laini za rangi ya kahawia zinazounganisha kioo cha simu na bodi yake mara nyingi zimejengwa juu ya poliimidi, na ule utepe wa manjano wanaoubandika ili hewa ya moto isiunguze sehemu za jirani ni poliimidi vilevile.

Kapton hutengenezwa kwa hatua mbili. Kwanza monoma mbili, anhidridi na diamini, huungana ndani ya kiyeyushi na kufanya mnyororo ambao pete zake za imidi bado hazijafungwa. Mnyororo huu huyeyuka, kwa hiyo waweza kumwagwa na kutandazwa. Kisha utando hupashwa moto hadi kiasi cha digrii 300, na kila kiungo hujifunga kuwa pete huku kikitoa molekuli moja ya maji. Pete zikishafungwa, utando hauyeyuki tena wala hauwezi kufinyangwa upya.

Ni vyema tuweke alama hapa. Katika Kapton, sifa ya kustahimili joto inatokana hasa na mnyororo wenyewe. Haikuhitajiwa kwamba minyororo ifungwe mmoja kwa mwingine. Resini tutakazozieleza sasa zinaongeza jambo hilo la pili, na hapo ndipo lugha yetu inapopata mtihani.

3. Tatizo la mvuke

Utando mwembamba ni rahisi kuukausha, kwa kuwa maji yanayotolewa hupata njia ya kutoka mara moja. Shida huanza tunapotaka kutengeneza kitu kinene, kwa mfano sehemu ya nje ya injini ya ndege, iliyofumwa kwa nyuzi za kaboni na kujazwa resini katikati ya nyuzi hizo. Pete zinapofungwa ndani kabisa ya kitu hicho, maji hugeuka mvuke. Ikiwa resini imekwisha kuwa ngumu, mvuke hauna pa kupita. Hubaki ndani na kufanya vitundu, na kitu chenye vitundu huvunjika.

Kila aliyewahi kuoka mkate anajua kwamba gamba la juu likishika upesi, hewa iliyomo hubaki ndani. Mwokaji hufurahi, kwa sababu mkate mzuri ni ule ulioumuka. Mhandisi hutaka kinyume chake: kila tone la mvuke litoke kwanza, kisha ndipo kitu kishike. Kwa hiyo swali lililowakabili watafiti lilikuwa la mpango wa wakati. Je, inawezekana kuitenganisha kazi ya kufunga pete, inayotoa mvuke, na kazi ya kukifanya kitu kiwe kigumu, ili ya kwanza iishe kabla ya pili kuanza?

4. Njia ya PMR-15

Jibu lililopata umaarufu lilitolewa mwanzoni mwa miaka ya 1970 na Tito Serafini, Peter Delvigs na George Lightsey, watafiti wa kituo cha Lewis cha shirika la NASA, huko Cleveland, Ohio. Kituo hicho tangu mwaka 1999 kinaitwa Glenn. Herufi PMR ni kifupisho cha maneno yenye maana ya kwamba upolimishaji unafanywa na monoma zenyewe papo hapo juu ya nyuzi, badala ya kutumia polima iliyokwisha kutengenezwa. Namba 15 inatokana na uzito wa molekuli uliokusudiwa, yaani 1500.

Monoma za PMR-15 ni tatu. Ya kwanza ni diamini iitwayo methilinidianilini, ambayo kwa ufupi huandikwa MDA. Ya pili ni esta yenye mikono miwili, ambayo kila mkono unaweza kushika diamini moja. Ya tatu ni esta yenye mkono mmoja tu, na mgongoni mwake imebeba pete yenye kiungo maradufu kati ya kaboni na kaboni. Hii ya tatu huitwa kikomo, kwa sababu kila mnyororo unapoishika hauwezi kurefuka tena upande huo. Wapangaji wa resini huamua urefu wa mnyororo kwa kuamua uwiano wa vikomo na monoma nyingine. Katika PMR-15 uwiano ni vikomo 2, diamini 3.087, na esta ya mikono miwili 2.087.

Vitu hivi vyote huyeyushwa katika methanoli, na nyuzi za kaboni huloweshwa humo. Tangu hapo kazi huenda kwa hatua nne.

Hatua ya kwanza ni kuondoa kiyeyushi. Methanoli huchemka kwa digrii 65, kwa hiyo joto dogo tu latosha kuifukuza. Kinachobaki juu ya nyuzi ni monoma zile zile, zikiwa zinanata kidogo. Hapajatokea mmenyuko wa kikemia wa maana.

Hatua ya pili ni kufunga pete. Kati ya digrii 120 na 230 hivi, esta hutoa methanoli, hushikana na diamini, kisha kila kiungo hujifunga kuwa pete ya imidi na kutoa maji. Tukipiga hesabu kwa uzito wa molekuli zenyewe, tutaona kwamba kila kilo moja ya monoma hutoa takriban gramu 170 za methanoli na maji. Hicho ndicho kiasi ambacho kingebaki ndani kama mlango ungefungwa mapema. Lakini mlango haujafungwa. Minyororo iliyopatikana ni mifupi, na kila mmoja una kikomo kila upande. Kwa hiyo joto likipanda zaidi kidogo, resini hulainika na kutiririka kati ya nyuzi, na mvuke hupata nafasi ya kutoka.

Hatua ya tatu ni ile iliyonishinda kuitaja. Joto linapopita digrii 275 na kufikia 316, vile viungo maradufu vilivyobebwa na vikomo hufunguka na kushikana, kikomo cha mnyororo huu na vikomo vya minyororo mingine. Kazi hii hufanywa chini ya kanieneo kubwa, ama ndani ya kalibu lenye mashine ya kugandamiza, ama katika tanuri lililofungwa na kujazwa gesi. Kanieneo hiyo ina kazi mbili. Inaibana resini ijaze kila pengo, na pia inazuia kitu kimoja kisitoroke. Joto kali huweza kukifanya kikomo kiachane na sehemu yake moja, iitwayo siklopentadieni, kwa kuurudisha nyuma mmenyuko ambao Wajerumani Otto Diels na Kurt Alder waliueleza mwaka 1928 na kupewa Tuzo ya Nobel kwa ajili yake mwaka 1950. Siklopentadieni ni nyepesi, na ingeruka kama mvuke. Ikibanwa, hubaki na kuingia katika ufungamano pamoja na wenzake. Wanakemia wamejadiliana kwa miaka mingi juu ya sura kamili ya viungo vinavyopatikana hapo, lakini jambo kuu halina ubishi: katika hatua hii vitu vinaongezeana, havitoi maji wala methanoli.

Hatua ya nne hufanywa bila kalibu. Kitu huwekwa katika tanuri la kawaida kwa digrii 316 kwa muda wa saa 16 hivi. Sababu yake ni kwamba kadiri minyororo inavyofungwa ndivyo inavyopoteza uhuru wa kujongea, na vikomo vilivyobaki haviwezi tena kukutana kwa urahisi. Joto la muda mrefu huvipa nafasi hiyo. Baada yake kiwango cha joto ambacho resini huanza kulainika hupanda hadi karibu digrii 340, na kitu kinaweza kutumika kwa maelfu ya saa katika joto la digrii 288 na zaidi kidogo. Ndiyo maana PMR-15 ilitumika katika injini za ndege za kivita, kama vile mfereji wa nje wa injini ya F404 ya kampuni ya General Electric.

Njia hii ina gharama zake. Vikomo ndivyo vinavyofunga, lakini ndivyo vilivyo dhaifu mbele ya moto na oksijeni kuliko pete za mnyororo. Minyororo ikiwa mifupi, vikomo huwa vingi, mafundo huwa karibu karibu, na kitu huwa kigumu lakini chepesi kupata nyufa. Minyororo ikiwa mirefu, vikomo hupungua, lakini resini haitiririki vizuri. Namba 1500 ni maafikiano kati ya pande hizo mbili.

5. Kuungana na kufungamana

Sasa turudi kwenye lugha. Katika maelezo yaliyotangulia tumeona matendo mawili ambayo hayafai kuchanganywa. Monoma zinashikana kwa urefu na kufanya mnyororo. Kisha minyororo inashikana kwa upana na kufanya wavu. Kitu chenye minyororo peke yake ni kama nguzo za nyumba ya udongo zilizosimikwa bila fito: kila moja ni imara kivyake, lakini ukizisukuma zinayumba. Fito zinapofungwa kukingama nguzo, ukuta unakuwa kitu kimoja.

Baadhi ya waandishi hulitafsiri tendo hili la pili kwa neno mtambuka, ambalo siku hizi limezoeleka katika maneno kama vile "masuala mtambuka". Kwa maoni yetu neno hilo halifai hapa. Kutambuka ni kupita juu ya kitu na kuendelea na safari. Anayetambuka gogo haligusi, wala hafungwi nalo. Kinachotokea katika resini ni kinyume chake, yaani vitu viwili vilivyokuwa huru vinafungwa na kubaki vimefungwa.

Mofolojia ya Kiswahili inatupa neno bora kuliko hilo bila ya kubuni chochote. Tuangalie vitenzi funga, fungana na fungamana. Kiambishi -an- kinaonyesha kutendana. Kiambishi -am- ndicho kile tunachokiona katika inama, kwama na kingama, nacho huonyesha hali au mkao unaodumu. Viwili hivi vikiandamana, kama katika fungamana, shikamana na gandamana, maana inakuwa ni kutendana ambako kumezaa hali isiyoondoka upesi. Watu waliofungamana si watu waliofungana kamba jana wakafunguana leo.

Kwa hiyo tunapendekeza kwamba kushikana kwa monoma katika mnyororo kuitwe kuungana, na kushikana kwa minyororo katika wavu kuitwe kufungamana. Jina la tendo liwe ufungamano, na kiungo chenyewe kiitwe kiungo-kingamo. Msomaji ataona kwamba tofauti ambayo mwanakemia anaihitaji tayari imebebwa na viambishi. Mwanafunzi akishaelezwa mara moja, hataihitaji kuikariri.

6. Kauka, ganda, shika, iva au komaa?

Liko bado swali la jina la safari nzima, kutoka monoma zenye kunata hadi kitu kigumu. Kiingereza hutumia hapa neno lile lile linalotumika kwa mgonjwa anayepona na kwa nyama inayohifadhiwa kwa chumvi. Mtafsiri mwenye haraka anaweza kuandika kwamba resini "imeponywa", na msomaji akabaki akijiuliza ilikuwa ikiugua nini. Tuliache hilo, tuyapime maneno yetu.

Kukauka ni kupoteza maji au kiyeyushi. Neno hili linafaa kabisa kwa hatua ya kwanza ya PMR-15, na halifai kwa hatua nyingine yoyote. Resini iliyokauka haijafungamana.

Kuganda ni kuwa kigumu kwa namna inayoweza kugeuzwa. Mafuta ya nazi huganda wakati wa kipupwe na kuyeyuka jua likitoka. Nta ya mshumaa ni hivyo hivyo. Kuna plastiki nyingi ambazo kwazo neno hili ndilo sahihi, yaani zile zenye minyororo isiyofungamana. Kulitumia kwa PMR-15 ni kumwambia msomaji kwamba anaweza kuiyeyusha tena.

Kushika ni neno la waashi, nao husema kwamba saruji imeshika. Ni neno zuri, na lina kweli ndani yake, kwa kuwa saruji nayo haikauki tu bali humenyuka na maji. Hata hivyo kushika hutaja dakika ile ambapo kitu kinaacha kutiririka. Halitaji saa nyingi zinazofuata. Tunashauri lihifadhiwe kwa dakika hiyo, ambayo katika resini ni muhimu sana, maana baada yake mvuke hauna tena njia.

Kuiva kuna mvuto wake, kwa kuwa moto umo ndani yake na hakurudi nyuma: wali ulioiva hauwi tena mchele. Lakini kwa matunda, kuiva ni kulainika. Embe bivu hubonyea, na kitu tunachokieleza kinafanya kinyume.

Tunabaki na kukomaa. Mkulima hutofautisha embe lililokomaa na lililoiva; lililokomaa limefikia ukamilifu wa umbile lake na bado ni gumu. Mfano ulio wazi zaidi ni wa nazi. Dafu lina maji mengi na nyama laini inayokombeka kwa kijiko. Likiendelea huwa koroma, na koroma huwa nazi, ambayo nyama yake ni nene na ngumu hata ikahitaji mbuzi. Hatua zinafuatana kwa mpango, kila moja ina jina lake, na hakuna nazi iliyowahi kurudi kuwa dafu. Hivi ndivyo resini ilivyo. Basi na tuseme kwamba resini inakomaa, na kinyume chake tuseme ni resini changa au mbichi. Ile hatua ya nne ya saa 16 katika tanuri twaweza kuiita kuvumbika, kama wafanyavyo wenye ndizi wanapozifunika katika joto ili kilichobaki kikamilike polepole.

7. Shahidi kutoka msituni

Mtu anaweza kusema kwamba haya ni mapambo ya mtu wa lugha, na kwamba Waswahili hawakuwahi kufikiri juu ya resini. Historia inasema vingine. Msandarusi ni mti wa pwani ya Afrika Mashariki, na utomvu wake, sandarusi, ulikuwa bidhaa kubwa ya Zanzibar katika karne ya 19. Ulipelekwa Ulaya na Marekani, hasa Salem katika jimbo la Massachusetts, kwa ajili ya kutengenezea vanishi.

Wachimbaji na wafanyabiashara wa sandarusi walijua kwamba iko ya aina mbili. Ile iliyotoka moja kwa moja mtini ilikuwa laini na ya bei ndogo. Ile iliyochimbwa ardhini, mahali ambapo misandarusi ilikufa zamani, ilikuwa ngumu, ilihitaji joto kali ili ilainike, na ndiyo iliyotafutwa. Richard Burton, aliyesafiri kutoka pwani hadi Ziwa Tanganyika kati ya miaka ya 1857 na 1859, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1860 kwamba sandarusi changa iliitwa chakazi, na kwamba wafanyabiashara wa kigeni walilipotoa neno hilo hadi likawa kwa Kiingereza jina la punda.

Leo tunaweza kueleza kilichotokea ardhini. Molekuli za utomvu zina viungo maradufu, na kwa miaka mingi ziliendelea kuungana na kufungamana bila tanuri wala kanieneo ya mashine. Sandarusi ya ardhini ni resini iliyokomaa. Chakazi ni resini changa. Tofauti ambayo mimi nilishindwa kuitaja mbele ya mwenzangu ilikuwa imepewa jina katika lugha yetu, na bei yake ikajulikana sokoni, zaidi ya karne moja kabla ya PMR-15. Neno lilitoka midomoni kwa sababu biashara ilikwisha.

8. Gharama ya neno lisilofaa

Pengine msomaji atauliza kama kuna madhara yoyote mtu akisema "imekauka" badala ya "imekomaa". Yapo, nayo si ya kisarufi.

Mwaka 1965, katika mji wa Epping nchini Uingereza, watu 84 walipatwa na homa ya manjano itokanayo na ini kudhurika. Uchunguzi ulionyesha kwamba wote walikula mkate uliotengenezwa kwa unga uliosafirishwa katika gari moja pamoja na chombo cha kemikali, na kemikali hiyo ilimwagika juu ya gunia. Ilikuwa ni MDA, ile diamini iliyomo katika PMR-15. Inadhuru ini, hupenya ngozi, na imewekwa katika kundi la vitu vinavyodhaniwa kuleta saratani. Mwaka 1992 serikali ya Marekani iliweka kikomo cha sehemu 10 tu za MDA katika sehemu bilioni moja za hewa anayovuta mfanyakazi, kwa wastani wa saa 8.

Katika resini iliyokomaa, MDA imekwisha kufungwa ndani ya mnyororo. Katika resini iliyokauka tu, bado iko huru, nayo huweza kupita mkononi mwa anayeigusa. Fikiria, basi, tangazo la karakana lililoandikwa kwa Kiswahili likisema kwamba kitambaa cha nyuzi kisiguswe bila glavu "mpaka resini ikauke". Mfanyakazi atakibonyeza kwa kidole, ataona hakilowanishi, atavua glavu. Atakuwa ametii tangazo, na tangazo litakuwa limemdhuru. Neno moja tu, "ikomae", lingemkinga.

Wanasayansi wenyewe wamelichukulia jambo hili kwa uzito. Katika miaka ya 1990 watafiti wa kituo cha Langley cha NASA, huko Virginia, walitengeneza resini za kundi la PETI, zisizotumia MDA. Vikomo vyake hubeba kiungo cha mara tatu badala ya kiungo maradufu, na hufungamana katika joto la digrii 350 hadi 371 bila kutoa mvuke. Istilahi tulizozipendekeza zinatosha kuzieleza hizo pia.

9. Hitimisho

Mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia. Kazi ya namna hiyo haiwezi kuachwa kwa wanaisimu peke yao, kwa sababu mwanaisimu aweza kupanga maneno bila kujua kinachotokea ndani ya tanuri. Wala haiwezi kuachwa kwa wanakemia peke yao, ambao mara nyingi wamesoma yote kwa Kiingereza na hawajawahi kuulizwa swali lile nililoulizwa mimi. Tunapendekeza kwamba katika idara zetu kila orodha ya istilahi itanguliwe na maelezo kamili ya mchakato mmoja, yaliyoandikwa kwa Kiswahili na kusomwa na watu wa pande zote mbili. Istilahi itakayoshindwa kubeba maelezo hayo na iondolewe kabla ya kuingia kamusini.

Ama kuhusu mwenzangu wa jioni ile, kama angeniuliza leo ningemjibu hivi: methanoli hutoka na resini hukauka, pete hufungwa na maji huondoka, minyororo hufungamana na kitu hushika, kisha huvumbikwa hadi kikomae. Ni sentensi moja, na hakuna neno ndani yake ambalo bibi mkuna nazi angehitaji kufasiriwa, isipokuwa methanoli na resini.